Watu wengi, hifadhidata moja: njia nne za kuishirikisha, na hitilafu zinazokuja na kila njia

Hifadhidata nyingi za ofisi huzaliwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Anatengeneza majedwali ya wateja, bidhaa na malipo kwenye Microsoft Access, anaongeza fomu mbili tatu, kazi inaenda. Kisha mwenzake anaihitaji, na wa tatu, na mhasibu naye anataka ripoti. Faili inahamishiwa kwenye folda ya pamoja, na malalamiko yanaanza: inafunguka kwa kusoma tu, inaganda wakati kazi imepamba moto, inadai mtu mwingine amebadilisha rekodi yako, na asubuhi moja haifunguki kabisa.

Ukiuliza ufanye nini, kila fundi ana jibu lake. Huyu anasema gawanya faili, yule anasema hamia SQL Server (seva ya hifadhidata ya Microsoft), wa tatu anasema achana na Access. Zipo njia nne zinazofanya kazi, na kila moja ina mahali pake. Watu huanza kwa kuuliza "tuko wangapi?", lakini kwa maoni yangu swali zito zaidi ni hili: injini inayosoma na kuandika data inafanya kazi kwenye kompyuta ipi?

Access haina seva yake. Injini yake, ACE, ambayo zamani iliitwa Jet, inakaa ndani ya kila kompyuta ya mtumiaji. Kompyuta yenye folda ya pamoja haijui hata kama faili ile ni hifadhidata. Inatoa tu kurasa za faili, za KB 4 kila moja, na kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayotafuta, kupanga na kuandika. Ni stoo isiyo na mtunza stoo: kila mtu anaingia mwenyewe, anapekua rafu, anaandika daftarini, anatoka. Mmoja akitolewa nje kabla hajamaliza kuandika, daftari linabaki na nusu ya mstari. SQL Server, PostgreSQL na MariaDB zina mtunza stoo. Wewe unaomba dirishani, na yeye peke yake ndiye anayegusa rafu. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya hitilafu utazitambua chanzo chake kabla hujaita fundi.

## Vigezo tutakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: kuisimika, inavyouchukulia mtandao, hitilafu zake za kawaida na tiba yake, nakala za akiba na usalama, na mwisho inamfaa nani.

Kuna jambo moja ambalo sitalihesabu kama njia, nalo ni kuweka faili ya Access ndani ya OneDrive, Dropbox au Google Drive ili wote waitumie. Huduma hizo husawazisha faili nzima. Watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, huduma haiwezi kuunganisha rekodi zao. Itatengeneza nakala mbili zinazopingana, au kazi ya mmoja itafunika ya mwenzake. Zitumie kuhifadhi nakala za akiba za faili iliyofungwa, basi.

## Njia ya kwanza: faili nzima kwenye folda ya pamoja

Kuisimika. Ni kazi ya dakika chache, isipokuwa ruhusa. Mtumiaji wa kwanza anapofungua hifadhidata, Access huunda faili ya kufuli pembeni yake yenye kiambishi .laccdb, au .ldb kwa faili za zamani za .mdb. Wa mwisho akitoka, faili hiyo hufutwa. Kwa hiyo kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta katika folda nzima, na ruhusa hizo ziwepo pande zote mbili: kwenye mipangilio ya kushirikisha folda na kwenye usalama wa folda yenyewe. Upande mmoja ukisahaulika, hifadhidata itafunguka kwa kusoma tu au wengine watafungiwa nje. Hakikisha pia mipangilio ya Access inafungua faili kwa hali ya Shared, si Exclusive.

Mtandao. Kila kitu kinapita kwenye waya: data, fomu, ripoti, hata picha ya nembo iliyo juu ya fomu.

Hitilafu. Tangu Access 2000, kuhifadhi badiliko la muundo wa fomu au ripoti kunahitaji uwe peke yako ndani ya faili. Ukitaka kusahihisha neno moja kwenye ripoti, waombe wote watoke. Na faili ikiharibika, inaharibika na majedwali, fomu na msimbo kwa pamoja.

Nakala na usalama. Nakala salama inachukuliwa wote wakiwa wametoka. Yeyote mwenye ruhusa ya folda anaweza kuondoka na faili nzima.

Inamfaa nani. Watu wawili walio kwenye waya mmoja, mmoja anaingiza na mwingine anasoma zaidi, na muundo haubadiliki tena. Zaidi ya hapo, iwe ya muda tu.

## Njia ya pili: kuigawanya faili

Hapa majedwali yanabaki katika faili moja kwenye folda ya pamoja, na fomu, ripoti, kwiri (maswali yaliyohifadhiwa ya kuchuja data) na msimbo vinawekwa katika faili nyingine. Kila mtumiaji anapewa nakala yake ya faili hiyo ya pili kwenye kompyuta yake.

Kuisimika. Access ina chombo chake cha kazi hii, Database Splitter, chini ya Database Tools. Chukua nakala kwanza, kisha kiendeshe. Unapounganisha majedwali, tumia njia kamili ya mtandao inayoanza na mikwaju miwili na jina la kompyuta, usitumie herufi ya diski kama Z. Herufi hiyo inaweza kuwa Z kwako na Y kwa mwenzako, na viungo vyake vikakatika. Mahali pakibadilika, Linked Table Manager inarekebisha viungo vyote kwa mkupuo.

Ofisi nyingi zinagawanya faili vizuri kisha zinaweka faili ya fomu nayo kwenye folda ya pamoja, wote wanaifungua hiyo hiyo. Hapo faida kubwa ya kugawanya imepotea. Kila mtu awe na nakala yake. Ili matoleo yasitofautiane, weka toleo jipya kwenye seva na faili fupi ya amri inayolinakili hadi kwenye kompyuta ya mtumiaji kila anapobofya ikoni. Asiye na Access kamili anaweza kutumia Access Runtime, ambayo ni ya bure.

Mtandao. Mzigo unapungua kwa sababu fomu hazisafiri tena, lakini injini bado iko kwa mtumiaji na data bado inavutwa. Njia hii inataka waya. Wi-Fi inayokatika kwa sekunde mbili haisumbui anayesoma barua pepe, ila kwa Access sekunde hizo zinaweza kuangukia katikati ya kuandika ukurasa, na faili ikaharibika. VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) kutoka nyumbani ni mbaya zaidi, maana inaunganisha ucheleweshaji na kukatika.

Kama ni polepole hata kwenye waya, fungua fomu iliyofichwa inayoshikilia jedwali moja la kwenye seva tangu programu inapoanza hadi inapofungwa. Bila hiyo, Access huunda na kufuta faili ya kufuli mara kwa mara, na kila safari inagharimu muda. Baada ya hapo angalia kama safuwima unazotafutia zina faharasa (index).

Hitilafu. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa wengi mko kwenye njia hii.

Tuseme unataka kubana na kurekebisha faili ya data (Compact and Repair), Access inakataa, inasema faili inatumika, na kila mtu anaapa ametoka. Nenda kwenye folda. Kama .laccdb bado ipo, ifungue kwa Notepad. Katikati ya nafasi tupu utaona majina ya kompyuta, na pembeni ya kila jina neno Admin, ambalo ni jina la mtumiaji la kawaida na halikuambii lolote. Usimlaumu mtu kwa orodha hiyo peke yake, kwani jina la aliyetoka linaweza kubaki humo hadi faili ifutwe. Ushahidi wa kweli uko kwenye kompyuta yenye folda: fungua Computer Management, ingia Shared Folders, kisha Open Files. Hapo utaona nani ameishikilia kwa wakati huo. Mara nyingi ni kompyuta iliyoachwa imelala na programu iko wazi. Ukiifunga faili kwa nguvu kutoka hapo huku yule mtu anaandika, unaweza kusababisha uharibifu uleule unaouogopa. Mfuate kwanza kwenye meza yake.

Ujumbe kwamba mtu mwingine amebadilisha rekodi unayohariri si uharibifu. Mpangilio wa Record Locks wa fomu ukiwa No Locks, wawili wanaweza kuhariri rekodi moja, na wa pili kuhifadhi ndiye anayeulizwa achague kazi ipi ibaki. Ukichagua Edited Record, wa kwanza kuanza kuhariri anamfungia wa pili. Kwa stakabadhi na malipo ningechagua ya pili. Kwa orodha ya anwani, ya kwanza inatosha.

Kosa namba 3343, linalodai muundo wa faili hautambuliki, kwa kawaida ni faili iliyoharibika. Acha kila kitu, nakili faili ilivyo, na ujaribu kubana na kurekebisha juu ya nakala. Ikishindikana, tengeneza faili mpya tupu na uingize majedwali moja moja. Mara nyingi ni jedwali moja tu litakalogoma, na hilo utalitoa kwenye nakala ya akiba.

Kuna pia ujumbe unaosema hifadhidata iko katika hali ya kutolingana. Ulienea baada ya masasisho ya Windows 10 ya 2018, na chanzo kimojawapo ni jinsi Windows inavyoruhusu kompyuta za watumiaji kushikilia sehemu za faili kwenye kumbukumbu zao. Microsoft ilitoa tiba: kwenye kompyuta yenye folda, katika rejista ya Windows, chini ya vigezo vya LanmanServer, unaweka thamani DisableLeasing iwe 1, kisha unawasha upya huduma ya Server. Kama faili zako huharibika tena na tena bila mtandao kukatika, anzia hapo.

Nakala na usalama. Faili ya data ina kikomo cha GB 2, na kufuta rekodi hakuipunguzi mpaka uibane. Kikomo rasmi cha watumiaji wa pamoja ni 255, lakini mtandao na muundo wa fomu vitakuchosha zamani kabla hujafika huko. Kama folda inakaa kwenye Windows ya kawaida na si ya seva, kuna kikomo kingine: Windows 10 na 11 Pro hazipokei zaidi ya vifaa 20 kwa pamoja. Nakala bado zinataka wote watoke. Usalama wa kila mtumiaji na ruhusa zake haupo kwenye .accdb, uliondolewa muundo huo ulipoingia na Access 2007. Kilichobaki ni nenosiri moja la faili nzima.

Inamfaa nani. Ofisi iliyo chini ya paa moja, kwenye waya, yenye mtu wa kuchukua nakala kila siku. Kwa hali hiyo haihitaji kuombewa radhi, inafanya kazi miaka na miaka.

## Njia ya tatu: majedwali kwenye seva ya hifadhidata

Fomu zinabaki Access. Majedwali yanahamia SQL Server Express, PostgreSQL au MariaDB, na yanaunganishwa kwa kiendeshi cha ODBC, programu ndogo inayoiwezesha Access kuzungumza na seva. Wanaotumia LibreOffice Base nao huishia hapa, kwa sababu faili ya .odb yenye data ndani yake ni ya mtumiaji mmoja. Base inakuwa ya wengi inapounganishwa na seva.

Kuisimika. Hapa ndipo pana jasho. SQL Server Express ikisakinishwa, kwa kawaida TCP/IP yake imezimwa, kwa hiyo inajibu kwenye kompyuta yake tu. Iwashe katika SQL Server Configuration Manager, anzisha huduma upya, kisha fungua poti 1433 kwenye ukuta-moto. Ukiacha jina la SQLEXPRESS na poti isiyo ya kudumu, utahitaji pia huduma ya SQL Server Browser na poti 1434 ya UDP. PostgreSQL nayo husikiliza kompyuta yake tu hadi ubadilishe listen_addresses na uongeze mtandao wako kwenye pg_hba.conf. Poti yake ni 5432. Viendeshi vya ODBC vya biti 32 na 64 vinawachanganya wengi: kiendeshi lazima kifanane na Access yenyewe, si na Windows.

Kuhamisha majedwali kuna msaidizi wa bure kutoka Microsoft, SSMA for Access.

Mtandao. Kukatika kwa waya hakuharibu tena data, maana muamala ambao haujakamilika unarudishwa nyuma na seva yenyewe. Kasi lakini haiji bure. Fomu inayofungua jedwali zima la wateja itaendelea kulivuta zima, na wakati mwingine itakuwa nzito kuliko mwanzo. Lazima fomu zibadilishwe ziombe rekodi chache, na ripoti nzito zifanyiwe kazi seva ndiko, kwa viu (kwiri zilizohifadhiwa kwenye seva) au kwiri zinazopitishwa kwa seva kama zilivyo.

Hitilafu. Jedwali linafunguka ila haliandikiki: halina ufunguo msingi, au Access haikuutambua ulipounganisha. Unaambiwa mtu mwingine amebadilisha rekodi wakati uko peke yako: tafuta safuwima ya aina ya bit (ndiyo au hapana) yenye thamani tupu. Access inajua ndiyo na hapana, haijui "hakuna", kwa hiyo inalinganisha rekodi, inaona tofauti, inagoma. Ipe safuwima hiyo thamani ya kuanzia, jaza zilizo tupu, na uongeze kwenye jedwali safuwima ya rowversion, ambayo seva huibadilisha yenyewe kila rekodi inapobadilika. Kosa 3622 kwenye msimbo linataka uongeze chaguo la dbSeeChanges kwenye amri inayofungua rekodi. Na msimbo wako kama unasoma namba ya AutoNumber (inayojitoa yenyewe) mara tu rekodi mpya inapoanza kuandikwa, hautaipata tena. Seva hutoa namba rekodi inapohifadhiwa.

Nakala na usalama. Hapa ndipo njia hii inaposhinda waziwazi. Nakala zinachukuliwa watu wakiwa kazini, kila mtumiaji anaweza kuwa na ruhusa zake, na hakuna anayegusa faili yenyewe. SQL Server Express kuanzia toleo la 2008 R2 hadi la 2022 ina kikomo cha GB 10 kwa kila hifadhidata, na haina SQL Server Agent (kipanga ratiba cha kazi za seva), kwa hiyo nakala za kila usiku utazipanga kwa Task Scheduler ya Windows pamoja na sqlcmd. PostgreSQL na MariaDB hazina kikomo cha leseni.

Inamfaa nani. Wenye data isiyostahimili kupotea, watumiaji wanaoandika kwa wingi wakati mmoja, au programu nyingine zinazotaka data hiyo hiyo. Sharti ni kuwe na mtu anayeielewa seva. Seva isiyo na mwenyewe ni hatari kuliko faili iliyogawanywa vizuri, kwa sababu nakala zake zinaweza kukoma miezi mingi na hakuna atakayejua.

## Njia ya nne: wote waingie kwenye kompyuta moja kwa mbali

Kuisimika. Windows Server yenye Remote Desktop Services, leseni ya kila mtumiaji au kifaa, na nakala ya faili ya fomu katika folda binafsi ya kila mmoja. Windows Pro ya kawaida inapokea mtu mmoja kwa wakati, kwa hiyo haitoshi.

Mtandao. Ndiyo sababu ya njia hii kuwepo. Kinachosafiri ni picha ya skrini na mibofyo, data haitoki kwenye seva. Intaneti ikikatika, kazi yako inabaki wazi kule, ukirudi unaendelea pale pale.

Hitilafu. Uchapishaji unaongoza kwa malalamiko, kwa sababu seva inatuma kwenye printa iliyo mbali nayo na viendeshi havielewani. Pia aliyekatika akasahau kurudi anaendelea kushikilia rekodi aliyokuwa akihariri. Weka muda ambao baada yake kikao kilichokatika kinafungwa. Seva ikiishiwa kumbukumbu, wote wanaganda pamoja.

Nakala na usalama. Kila kitu kiko mahali pamoja, rahisi kulinda. Usiache poti 3389, ya Remote Desktop, wazi kwa intaneti, pitisha watu kwenye VPN au RD Gateway (lango salama la Remote Desktop).

Inamfaa nani. Matawi yaliyo mbali na wanaofanya kazi nyumbani, hasa pale ambapo hakuna muda wa kuandika fomu upya.

## Uchague ipi?

Kama mko chumba au jengo moja, mna waya, na shida yenu ni kugandaganda na kungojana, gawanya faili wiki hii. Ni kazi ya nusu siku, na ni hatua ambayo njia ya tatu na ya nne nazo zinaihitaji, kwa hiyo haipotei hata mkihama baadaye.

Kama watumiaji wako kwenye Wi-Fi na waya hauwezekani, usiitegemee njia ya pili hata mkiwa watatu. Chagua seva ya hifadhidata, au kuingia kwa mbali.

Kama kuna tawi la mbali na fomu nyingi zilizokwisha kuandikwa, anza na njia ya nne. Kama ndiyo kwanza mnaziandika, ziandike tangu mwanzo kwa ajili ya seva.

Kama faili imekaribia GB 2, angalia kwanza kama kuna picha na nyaraka zilizopachikwa ndani ya majedwali. Zitoe ziwe faili za kawaida kwenye folda, hifadhi njia zake tu kwenye jedwali, kisha ibane. Ikiwa bado ni nzito, basi ni data yenyewe, na seva haikwepeki.

Kama data ni ya fedha au ya wagonjwa, na lazima ijulikane nani aliona au kubadilisha nini, njia mbili za kwanza hazikufai, haijalishi mko wangapi.

Na kama hakuna mtu yeyote kati yenu wa kuitunza seva, bakini kwenye njia ya pili, na nguvu zenu ziwekeni kwenye nakala: moja kila siku baada ya wote kutoka, na mara kwa mara mtu airudishe kwenye kompyuta nyingine, afungue jedwali la malipo, aone kama rekodi za jana zimo.